WALIMA HOTELINI: NA MASIKINI WALE WAPI?



Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, wazazi na wanafunzi wetu, kuna ugonjwa umeingia katika nyumba zetu hapa Buwenge na nataka niuite kwa jina lake, kwa sababu tumeuzunguka sana kwa adabu na adabu haijauponya. Siku hizi mtu akioza binti hataki kulisha watu nyumbani kwake. Nikaha inafungwa msikitini asubuhi, halafu magari yanapangwa foleni kuelekea Jinja, mwendo wa kilomita kama 25, kwenye hoteli yenye bustani inayotazama mto Nile. Mwenye akika naye anauliza hoteli. Kijana akihitimu Chuo Kikuu cha Kiislamu pale Mbale, wazazi wanakwenda kupigwa picha kwenye mgahawa wa watalii kabla hata hawajamrudisha nyumbani kumsalimia bibi yake. Zamani watu wakikutana walikuwa wanaulizana, "Mtachinja mbuzi wangapi?" Sasa wanaulizana, "Mmechukua wapi?" Na ole wake atakayejibu kwamba amechukua uani kwake!

Niseme mapema nisije nikasingiziwa. Mimi si adui wa chakula kizuri wala sisemi kwamba kukaa mgahawani ni haramu. Mwenyezi Mungu katika Suratul Aaraf ametuamuru tule na tunywe, akatukataza israfu, na aya inayofuata inamkemea anayejiharamishia vizuri alivyoumba Mola kwa waja wake. Mji wa Jinja unajua kula. Kuna samaki wa ziwani, sato na sangara, kuna vyakula vya Wahindi kwenye Main Street na mitaa ya jirani, kuna muchomo, kuna kuku wa luwombo aliyefungwa kwenye jani la mgomba. Mbale ukibahatika utapata malewa yaliyopikwa kwa karanga jinsi Wagisu wanavyojua wenyewe. Mwenye uwezo akimchukua mke wake na watoto wake wakale samaki karibu na mto siku ya mapumziko, huyo anapata thawabu kwa kuwakunjulia ahali zake, na mimi sina neno naye.

Neno langu ni kwa WALIMA. Na akika. Na Idd. Hizi si sherehe zako peke yako uzipeleke unakotaka. Hizi ni ibada, na ndani yake kuna haki ya watu wengine.

Abu Huraira (r.a) amepokea, na Bukhari na Muslim wote wawili wameleta, kwamba chakula kibaya kabisa ni kile cha walima wanachoitiwa matajiri na kuachwa masikini. Hebu tulia na neno hilo. Halikutajwa chakula kilichoungua, wala kilichopungua chumvi. Chakula kinaweza kuwa kitamu mno, nyama laini, mpishi amesomea, na bado kikawa ndicho kibaya kuliko vyote, kwa sababu ya mlango tu: nani kaingia na nani kazuiwa.

Sasa nieleze, ndugu yangu, masikini wa Buwenge ataingiaje kwenye hoteli yako ya Jinja? Kwanza hana nauli ya matatu kwenda na kurudi. Pili hana kadi, maana kadi zilihesabiwa kwa sahani na sahani zimelipiwa moja moja. Tatu, hata akifika, kuna askari getini.

Haya siyasemi kwa kusikia. Nilialikwa kwenye walima kama hiyo, hoteli siitaji wala familia siitaji. Nilipofika getini nilimkuta bi mkubwa mmoja wa mtaani kwetu amesimama pembeni na leso yake mpya, viatu ameshika mkononi. Bibi huyu ndiye aliyemlea bwana harusi miaka miwili mama yake alipokuwa mgonjwa. Alikuwa amepanda bodaboda mpaka barabara kuu, kisha matatu. Askari alikuwa anamwambia kwa upole kabisa, "Mama, jina lako halimo." Yule askari hana kosa, amepewa orodha. Tulipopiga simu ndani ikachukua nusu saa mtu kutoka, kwa sababu muziki ulikuwa juu. Bibi aliingia, akaketishwa nyuma karibu na spika, na wahudumu walipofika kwake chakula cha moto kilikuwa kimekwisha, akapewa soda na keki. Hakulalamika hata kidogo. Aliniambia tu, "Maalim, hapa ni pazuri." Kama walima ile ingekuwa uani kwa yule bwana harusi, bibi yule ndiye angekuwa amekaa kwenye mkeka wa mbele akipelekewa sinia la kwanza.

Tutazame Mtume wetu (s.a.w) alivyofanya. Alipomuoa Bibi Safiyya walipokuwa wakirudi kutoka Khaybar, lilitandikwa tandiko la ngozi chini, zikawekwa tende, samli na maziwa yaliyokaushwa, kila mwenye kitu akaleta, watu wakala. Ndiyo walima ya Mtume wa Allah! Alipomuoa Bibi Zaynab alichinja mbuzi mmoja, na Anas (r.a) anasimulia kwamba hakumuona akifanya walima kubwa kuliko hiyo kwa mke yeyote, na watu walikula mkate na nyama mpaka wakashiba. Na Abdurrahman bin Auf, ambaye alikuja kuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa masahaba, alipooa aliambiwa afanye walima japo kwa mbuzi mmoja. Kipimo kilikuwa ni watu kushiba na ndoa kutangazwa.

Jambo la pili ni ulevi, na hapa nataka tuseme ukweli bila kufunikana. Jinja ni mji wa bia. Kiwanda cha Nile Breweries kiko Njeru, ng'ambo tu ya mto. Hoteli nyingi zenye bustani nzuri zina baa katikati yake, na baa hiyo haifungwi kwa sababu Hajji fulani anaoza. Imepokewa na Tirmidhi kwamba mwenye kumuamini Allah na Siku ya Mwisho asikae kwenye meza inayozungushwa pombe. Utaniambia, "Maalim, sisi meza zetu zilikuwa na soda na juisi ya pasheni." Sawa. Na zile meza tatu za wafanyakazi wenzako wa ofisini wasio Waislamu, wao waliletewa nini? Na bili ya vinywaji vyao ilipelekwa kwa nani? Nimewauliza hivi wazee wawili na wote wawili walitazama chini. Mzazi wa Kiislamu, ambaye hajawahi kuonja tone la pombe maisha yake, analipia kreti za bia siku ya ndoa ya binti yake, na anaiita siku hiyo ya baraka!

Halafu mnatuweka sisi waalikwa katika mtihani ambao hamuufikirii. Sheria imetuamuru kuitikia mwaliko wa walima, na wanazuoni wengi wamesema ni wajibu asipokuwa na udhuru. Sheria hiyo hiyo imetukataza kukaa kwenye munkari tusioweza kuuondoa. Sasa ukinialika kwenye bustani yenye baa, umenishika huku na huku. Nikija, wanafunzi wangu wa madrasa wananiona nimekaa mita kumi kutoka kwenye chupa. Nisipokuja, utasema maalim ana kiburi, alikula michango yetu ya Ramadhani lakini harusi yetu kaikimbia. Abu Ayyub al-Ansari (r.a) alialikwa kwa Ibn Umar, akakuta ukuta umefunikwa mapazia kwa fahari, akageuka akaondoka bila kula. Mapazia tu, ndugu zangu! Nadhani angefika kwenye kumbi zetu asingeshuka hata kwenye ngamia.

Na swala je? Kadi inasema saa kumi jioni. Maharusi wanafika saa kumi na mbili na nusu. Magharibi inaingia watu wanakata keki, Isha inaingia watu wanangojea zawadi. Bibi harusi amepakwa vipodozi vya shilingi laki kadhaa, nani atamwambia atie udhu? Hoteli haina mahali pa kuswalia, na ukiuliza unaonyeshwa nyuma ya jenereta. Ndoa tumeifungua kwa khutba na tumeifunga kwa kupitwa na vipindi viwili vya swala.

Tuje jikoni. Hapa kwetu Uganda tumezoea raha moja. Mabucha mengi ya mjini, ng'ombe na mbuzi wamechinjwa na Muislamu, hata kama mwenye bucha ni Mkristo. Ni desturi ya miaka mingi na majirani zetu wameiheshimu, Allah awalipe kheri. Kwa raha hiyo tumelala usingizi. Mtu anaingia hotelini na kudhani kwamba nyama ya ng'ombe ikiwa imechinjwa vizuri basi mambo yamekwisha. Jikoni mwa hoteli ya watalii mambo ndiyo yanaanzia hapo. Asubuhi kikaango kilekile kilichokaanga vipande vya nguruwe ndicho kinachokaanga yai lako. Mafuta ya chipsi yanaweza kuwa yamepikia soseji usizozijua. Choma ya mbuzi na ya nguruwe ziko juu ya wavu mmoja, mafuta yanadondokeana. Mchuzi mwingine wa Kizungu unatiwa mvinyo ili upate ladha, na mpishi atakuambia kwa nia njema kabisa kwamba "imechemka, imekwisha." Kuku wa barafu amechinjwa wapi na nani, hata mpishi hajui. Hakuna anayekudanganya. Ni kwamba hukuuliza.

Kuna wanaonijibu kwa aya ya Suratul Maida kwamba chakula cha watu wa Kitabu ni halali kwetu. Naam, na mimi ninaifundisha aya hiyo. Lakini aya hiyo haikuhalalisha nguruwe, wala haikuhalalisha mvinyo ndani ya mchuzi, wala kilichokufa bila kuchinjwa. Usiitumie aya kama pazia la uvivu wa kuuliza.

Na hili la kuuliza lina historia nzito katika ardhi yetu, ingawa watoto wetu hawaijui. Kila tarehe 3 Juni nchi nzima inakwenda Namugongo kuwakumbuka mashahidi wa Kikristo waliouawa zama za Kabaka Mwanga. Lakini takriban miaka kumi kabla yao, mwaka 1876, Kabaka Mutesa wa Kwanza aliamuru kuuawa kwa vijana wa Kiislamu hapo hapo Namugongo. Idadi inayotajwa mara nyingi ni kama 70. Kosa lao lilikuwa nini? Kabaka mwenyewe alikuwa amefunga Ramadhani miaka kadhaa na aliujua Uislamu. Vijana wale walikataa kula nyama ya ikulu kwa sababu waliokuwa wakiichinja hawakuwa Waislamu, na walikataa kuswali nyuma ya mtu ambaye hakutahiriwa, yaani Kabaka mwenyewe. Walichomwa moto kwa ajili ya swali hili la "nani amechinja?" Sisi wajukuu wao katika imani tunaona haya kumuuliza mhudumu swali hilo hilo, tusije tukaonekana washamba mbele ya wageni.

Pale karibu na Mbale, Nabugoye, wapo majirani zetu Abayudaya, Wayahudi wa Uganda tangu siku za Semei Kakungulu. Ni wachache mno na kwa miaka mingi wamekuwa wakulima wasio na pesa. Wanachinja wenyewe. Hawaoni haya.

Tuzungumze pesa sasa, maana hapa ndipo watu wanapoumia usiku baada ya wageni kuondoka. Nachukua mfano tu, si bei ya hoteli yoyote. Sahani moja shilingi 60,000, watu 150, inakuja shilingi 9,000,000. Ikiwa VAT ya asilimia 18 haikuwemo kwenye bei, na wengi hawaulizi, ongeza 1,620,000. Bado mapambo, bado spika, bado keki. Ukikadiria mbuzi mmoja shilingi 300,000, hizo milioni tisa peke yake ni mbuzi thelathini. Mbuzi thelathini Buwenge! Hapo hata abiria wa barabara ya Kamuli wangeteremka wakala.

Na pesa hizo zinatoka wapi? Sehemu ni michango, mikutano ya harusi kila Jumapili, mtu anaahidi mbele ya watu asichokuwa nacho kwa kuona haya. Sehemu ni mkopo wa mjini wenye riba, na riba mnajua Suratul Baqara imeitangazia vita gani. Na sehemu, hii ndiyo inayoniuma zaidi, ni ardhi. Sisi Busoga tumezungukwa na miwa mpaka kwenye kizingiti. Muwa unakaa shambani kama mwaka mmoja na nusu kabla ya kukatwa. Baba mwenye ekari mbili anazikodisha miaka kadhaa kwa mpanda miwa ili apate pesa taslimu ya ukumbi. Harusi inakwisha saa tano usiku. Shamba halirudi. Watoto wadogo waliobaki nyumbani hawana pa kupanda viazi wala mahindi, na mama yao anaanza kununua kwa kilo chakula alichokuwa akikichimba kwa jembe. Nina wanafunzi madrasa wanaokuja na njaa, na najua harusi zilizokula mashamba yao.

Lipo jibu moja ambalo nimelisikia na sitalipuuza, kwa sababu lina haki ndani yake. Akina mama wanasema, "Nyinyi wanaume mnapenda walima ya nyumbani kwa sababu si nyinyi mnaopika." Ni kweli. Mwanamke anaamka saa nane usiku, moshi machoni, anachambua mchele kilo hamsini, anapakua masinia mia, na yeye mwenyewe anakula ukoko saa kumi jioni akiwa amesimama. Akisikia hoteli, anasikia kupumzika. Ninawaelewa. Lakini dawa ya dhuluma hiyo haiko Jinja. Dawa ni wanaume kuingia jikoni. Pilau ya harusi tangu zamani ni kazi ya wanaume kwa Waislamu wa Afrika Mashariki. Mpishi wa kiume na vijana wake, mapande ya kuni na masufuria makubwa. Vijana wa madrasa yangu wanaweza kuosha vyombo, na wataosha. Lipa wapishi wawili kwa sehemu ndogo tu ya pesa za ukumbi, mama wa bibi harusi avae vizuri, akae, aletewe chakula cha moto kwa mkono wa mwanawe. Kisha wiki ijayo mchukue yeye na dada zake mgahawani wakale wasichokipika wao. Hapo mgahawa umekuwa mahali pake.

Na kwa hao watakaokwenda migahawani, nenda kwanza peke yako siku ya kawaida, usipige simu. Omba kuongea na mpishi mwenyewe, mhudumu atakujibu ndiyo kwa kila kitu. Muulize nyama na kuku vinanunuliwa wapi, nguruwe anapikwa humu au hapana, na kama yupo, vyombo na mafuta na wavu ni vimoja? Kama hana jibu, agiza samaki na uombe kikaango safi, au tafuta mkahawa wa Wahindi wasiopika nyama kabisa. Cheti cha halali kikibandikwa ukutani, kisome: kimetolewa na nani, kinaisha lini. Chagua mahali pasipo baa. Msiniambie haiwezekani mahali pazuri pakakosa baa, maana Café Javas za Kampala hazina pombe na zinajaa watu wa kila dini na wenye magari makubwa kuliko yenu.

Ninyi wanafunzi wa Mbale, chakula chenu cha kuagana mwaka wa mwisho msikipeleke mahali ambapo wenzenu wanaosoma kwa ufadhili watabaki hosteli wakisema wanaumwa. Chuo chenu kilifunguliwa mwaka 1988 kwa pesa za Ummah, kuna wenzenu ambao baba zao hawajawahi kushika shilingi laki tano kwa mara moja. Kuleni wote au msile.

Neno la mwisho ni kwa matajiri wetu. Jinja na Mbale zimekuwa majiji tangu Julai 2020, wageni wanaongezeka, na kuna Waislamu wana majengo kwenye mitaa mikuu wamewapangisha watu wa baa kwa sababu kodi yake ni nono. Fungueni mgahawa mmoja wa hadhi, jiko safi, chumba cha familia, mahali pa swala. Sisi tutakuja, na nitautangaza baada ya swala ya Ijumaa bila kulipwa.

Kwa anayeoza kabla ya Ramadhani hapa Buwenge: madrasa ina masufuria matatu makubwa, mikeka ishirini na tenti moja, na uwanja wa msikiti ni bure. Ufunguo wa stoo uko kwa muadhini, njooni baada ya Alasiri.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum.